Tupande Ua Lisiloomba Maji

Kila mwaka, mvua za Aprili zikishatupa mkono, bustani za majumbani katika kanda yetu ya kati huanza kusimulia habari ile ile. Majani hugeuka rangi ya kutu, waridi hukauka zikiwa bado vitumba, na ukoka uliopandwa kwa gharama hubaki mabaka mabaka. Ifikapo Septemba, upepo wa vumbi unapovuma mchana kutwa, mwenye nyumba husimama uani mwake akaona kazi ya miezi mingi imepotea. Hapo huapa kwamba hatapanda ua tena maishani mwake. Walakini mvua za Desemba zikirudi, kiapo husahauliwa, na waridi zile zile hupandwa tena mahali pale pale zilipofia.

Si kwamba wananchi hawana bidii. Kosa ni kwamba tunaitaka ardhi itutii sisi, badala ya sisi kuisikiliza ardhi. Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Aprili, nayo kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Mji hauna mto unaotiririka mwaka mzima. Kwa miaka mingi umenyweshwa hasa na visima vya Makutupora. Mwenye kupanda hapa ua lililozoea ukungu wa milimani amejitwika mgonjwa atakayemuuguza miezi saba kila mwaka.

Na uuguzi huo una bei yake. Ndoo moja ya lita 20 inayomwagwa bustanini kila jioni ni lita 600 kwa mwezi. Katika nyumba ambayo bomba hutoa maji usiku na mchana, hesabu hiyo huenda isimshughulishe mtu. Lakini ziko nyumba nyingi ambazo maji huja kwa zamu, na nyingine ambazo hayaji kabisa ila juu ya kichwa cha mama au cha binti aliyeamka alfajiri kupanga foleni. Ndoo thelathini kwa mwezi, zilizobebwa na shingo ya mtoto wa shule, ili waridi moja lichanue wiki mbili! Yafaa mwenye bustani ajiulize kama uzuri wa namna hiyo ni uzuri kweli.

Safu hii haisemi kwamba watu waache maua. Nyumba isiyo na ua mlangoni ina upweke wake, na mtu aliyechoka kwa kazi anastahili kuona kitu chenye rangi nzuri anaporudi kwake. Tunalosema ni kwamba liko ua ambalo halimtaki mtoto aamke alfajiri. Tena si geni. Ni la nyika zetu wenyewe.

Mgeni asiye mgeni

Mmea huo wapenda maua huuita waridi la jangwani. Kwa kweli hauna udugu wowote na waridi. Ni wa ukoo mmoja na oleanda, na pia na mbungo, ule mtambaazi ambao matunda yake tunayatengeneza sharubati. Ukoo huo hujulikana kwa utomvu mweupe unaotoka kila mmea unapojeruhiwa. Na juu ya utomvu huu tutakuwa na neno zito la kusema hapo baadaye.

Anayeuona mara ya kwanza katika nyika, wakati wa kiangazi, hudhani macho yake yamemdanganya. Nyasi zote zimekauka, vichaka vimebaki vijiti, na ardhi imepasuka. Katikati ya ukame huo limesimama shina nene la kijivu, limevimba chini kama chupa, wala halina hata jani moja. Lakini kwenye ncha za matawi yake mafupi yamejaa maua ya waridi yaliyoiva, kila moja na petali tano, na koo lililopauka kama baragumu dogo. Huchanua wakati ambapo mimea mingine imejificha. Msafiri anayepita nyika ya Tsavo upande wa Kenya, au Mkomazi upande wa Tanzania, anaweza kuuona kwa mbali kando ya majabali.

Siri yake imo katika unene ule. Shina na mizizi yake ni ghala. Mvua inyeshapo, mmea hunywa na kuweka akiba. Mvua ikikatika, hupukutisha majani ili maji yasipotee hewani, kisha huishi kwa akiba yake polepole mpaka msimu mwingine. Tunaweza kusema kwamba mmea huu umejifunza jambo ambalo sisi wakulima tunahimizwa kila mwaka na bado hatujalishika sawasawa, yaani kuweka chakula ghalani wakati wa neema.

Makao yake ni mapana. Huanzia Senegal magharibi, hupita ukanda wote wa Saheli hadi Ethiopia na Somalia, hushuka Kenya na Tanzania, na kuvuka bahari hadi Yemen na Oman. Jina lake la kitaalamu ni *Adenium obesum*. Neno la kwanza hutajwa kuwa limetokana na mji wa Aden, na la pili lina maana ya kitu kinene.

Jina hilo lina kisa chake. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma Uarabuni msafara wa watu sita kuchunguza nchi, lugha na viumbe vyake. Mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, kijana mtaalamu wa mimea, mwanafunzi wa Linnaeus. Alikusanya na kuandika habari za mimea ya Yemen kwa bidii kubwa, lakini malaria ilimwua huko Yarim mwaka 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Wenzake nao walikufa mmoja baada ya mwingine, akabaki Carsten Niebuhr peke yake. Yeye ndiye aliyerudi na karatasi za marehemu akazichapisha mwaka 1775, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya mti huu mnene wenye maua. Forsskål aliupa jina la ukoo wa oleanda. Mwaka 1819 wataalamu wengine wakauwekea jina hili unaoitwa hata sasa. Ndivyo mmea unaodumu bila maji ulivyopata jina lake kwa mtu ambaye nchi ile haikumwacha adumu.

Uliokufa kwa kushiba

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kujigamba, maana wa kwanza kuupanda aliuua kwa mkono wake mwenyewe. Nilinunua mche mmoja mdogo, nikauweka katika ndoo ya plastiki isiyo na tundu, nikaijaza udongo mweusi wa mfinyanzi na samadi nyingi, kisha nikaumwagilia kila jioni kwa mapenzi makubwa. Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Nikadhani una kiu, nikazidisha maji. Wiki ya tano shina likalainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, likaanguka ubavu.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyekulia katika nyika za Same chini ya milima ya Upare, alipita akanikuta nimeinama juu yake.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Tazama hasara yangu. Nimeumwagilia kila siku, na bado umekufa."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akalibonyeza shina kwa kidole chake. "Huu haukufa kwa kiu. Umekufa kwa kushiba. Sisi tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi, tuliuona umekaa juu ya jiwe tupu. Nani alikuwa akiupelekea maji juu ya jiwe?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile ndilo lililonifundisha ukulima wa ua hili, na yote yanayofuata hapa chini ni ufafanuzi wake tu.

Namna ya kuupanda

Jambo la kwanza ni udongo. Mmea huu unataka udongo upitishao maji upesi, kama ule wa majabali unakotoka. Chukua mchanga wa chenga kubwa, au mchanga uliochanganywa na kokoto ndogo sana, uwe nusu ya mchanganyiko wote. Nusu ya pili iwe udongo wa kawaida na samadi kidogo iliyooza vizuri. Samadi mbichi isitumike kamwe. Ukimimina maji na kuyaona yametuama juu, ujue udongo huo bado ni mzito, ongeza mchanga.

La pili ni chombo. Chungu cha udongo wa kuchoma ndicho bora kuliko vyote, kwa sababu kinapumua, na bei yake hailingani na ya vyombo vya dukani. Lakini hata kopo la rangi au karai lililotoboka litafaa, mradi liwe na matundu ya kutosha chini na lisimamishwe juu ya vijiwe ili maji yatoke. Anayetaka kupanda ardhini na afanye tuta lililoinuka, asipande mahali panapotuama maji ya mvua.

La tatu ni jua. Mmea huu hauna haja ya kivuli. Upewe jua kali kwa muda usiopungua saa sita kwa siku. Ukiuweka barazani chini ya paa utaishi, lakini utarefuka kwa unyonge ukitafuta mwanga, na maua yatakuwa haba. Wenzetu wa nyanda za baridi, kama Njombe na Limuru, waangalie jambo moja zaidi: baridi ya chini ya nyuzi 10 za sentigredi huudhuru, kwa hiyo wakati wa kipupwe uingizwe ndani ya nyumba, karibu na dirisha, na usipewe maji.

La nne ni maji yenyewe. Kanuni ni fupi: usimwagilie mpaka udongo uwe mkavu. Chomeka kidole, kikitoka na unyevu, ondoka na kopo lako. Wakati wa joto, mmea unapokuwa na majani na unakua, mara moja kwa wiki aghalabu hutosha kwa ule ulio chunguni. Ukipukutisha majani wakati wa baridi, usishtuke; umelala. Kuumwagilia maji mengi wakati huo ni sawa na kumlisha mtu aliyelala, atapaliwa tu.

Wengi huuliza watajuaje kama mmea una kiu au unaoza, kwa maana hali zote mbili hulainisha shina. Tazama udongo. Shina likilegea na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu; upe maji, na baada ya siku chache litakaza. Shina likilainika na udongo ni majimaji, hasa likiwa na rangi ya kahawia, huo ni uozo, na hapana muda wa kupoteza. Ng'oa mmea, kata sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye nyama safi, uuache kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke kabisa, kisha uupande upya katika mchanga mkavu.

Mbegu ni bora kuliko tawi

Mmea huu huweza kupandwa kwa tawi au kwa mbegu. Tawi lililokatwa na kuachwa likauke jeraha huota katika mchanga bila taabu, nalo huchanua mapema. Lakini mmea wa tawi huchelewa kunenepa chini, na pengine haunenepi vizuri kamwe. Ule wa mbegu huanza kuvimba shina tangu uchanga wake. Kwa hiyo mwenye subira na apande mbegu.

Mbegu hutoka katika maganda mawili mawili yanayofanana na pembe za mbuzi. Yakianza kukomaa, yafunge kwa uzi au kwa kipande cha chandarua kuukuu. La sivyo yatapasuka ghafla, na mbegu zenye vishungi vya manyoya kwenye ncha zake mbili zitapeperushwa na upepo. Zipande zingali mpya, kwa maana zikikaa sana hupoteza nguvu. Zilaze juu ya mchanga laini wenye unyevu, uzifunike kwa mchanga kidogo sana, na uziweke mahali penye joto. Kwa kawaida zitachipua ndani ya siku tano hadi kumi. Mche ukiwa na majani manne au sita ya kweli, uhamishie kwenye kikopo chake. Ukitunzwa vizuri huweza kuanza kuchanua baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kila uhamishapo mmea kwenda chungu kikubwa zaidi, uinue kidogo juu ya udongo, ili mizizi yake minene ya juu ionekane. Baada ya miaka kadhaa utakuwa na kitu mfano wa mbuyu mdogo uliojaa maua. Na kwa vile maua hutoka kwenye ncha za matawi, punguza matawi joto linapoanza kurudi. Kila tawi lililokatwa hutoa mawili au matatu, na kila moja huleta shada lake. Samaki mkunje angali mbichi: umbo unalotaka litengeneze mmea ukiwa bado mdogo.

Maadui wake si wengi. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga, hukaa kwenye makwapa ya majani; vidukari hupenda vitumba; na utitiri huja wakati wa ukavu mkali. Kwa bustani ya nyumbani, kitambaa na maji ya sabuni isiyo kali hutosha, mradi ukaguzi ufanyike kila wiki.

Neno zito juu ya utomvu

Tuliahidi neno juu ya utomvu mweupe, na hapa hatutaki kumung'unya maneno. Mmea huu ni sumu, kuanzia mizizi hadi maua. Utomvu wake una dawa zinazougonga moyo. Wawindaji wa jamii mbalimbali za Afrika wameutumia kwa karne nyingi kutengeneza sumu ya mishale. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huuchemsha mpaka uwe mzito na kuupaka kwenye vyembe. Sumu inayoweza kumwangusha mnyama mkubwa wa porini haimstahi mtoto.

Kwa hiyo, nyumba yenye watoto watambaao na wale wanaotia kila kitu kinywani, iuweke mmea huu juu, mahali ambapo mkono mdogo haufiki. Mbuzi na ng'ombe wasifungwe karibu nao. Anayekata matawi na avae glavu au mfuko wa plastiki mikononi, asijipanguse macho, na akimaliza anawe kwa sabuni pamoja na kisu alichotumia. Matawi yaliyokatwa yasitupwe zizini wala yasitumike kupikia. Endapo mtoto ataula, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea ili mganga aone. Zisijaribiwe dawa za nyumbani.

Hatuyasemi haya ili kuwatisha wasomaji. Mafuta ya taa tunayo nyumbani, na dawa za panya tunazo. Tumejifunza mahali pa kuviweka. Ua hili nalo lataka adabu hiyo hiyo.

Tusiibe nyika

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo linalotusikitisha zaidi. Ua likipata wapenzi, hupata pia wachuuzi, na njia nyepesi ya mchuuzi asiye na subira ni kwenda na sururu kung'oa mti wa porini uliokaa pale miaka mingi kuliko umri wake mwenyewe. Mizizi hukatwa ili uingie kwenye gunia, shina huchubuliwa, na mingi hufa mikononi mwa mnunuzi kabla ya kuchanua mara ya pili. Mnunuzi hudhani yeye ndiye mkulima mbaya, akarudi kununua mwingine. Nyika ikabaki na shimo.

Katika hifadhi za taifa jambo hilo limekatazwa na sheria. Lakini sheria haina macho kila kichaka. Macho anayo mnunuzi. Ukiona shina kubwa lenye makovu mapya, mizizi minene iliyokatwa mkato, na udongo wa chunguni usiofanana na uliokwama kwenye mizizi, uliza swali: mti huu umetoka wapi? Usipopata jibu la maana, weka fedha yako mfukoni.

Wala hakuna haja ya kung'oa hata mmoja. Huko Thailand, Taiwan, India na Indonesia, watu wameuchukua mmea huu wakaupanda kwa mbegu na kwa kuunganisha matawi, wakapata maua ya rangi nyingi, hata yenye petali tabaka mbili na tatu. Umekuwa biashara kubwa ya bustani. Wao hawakuzaliwa nao; walichokuwa nacho ni mbegu, mchanga na subira. Sisi tuliozaliwa nao tunaupita njiani, kisha tunatoa fedha kununua mche uliooteshwa ng'ambo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumeuacha mbachao mpaka wengine wameuokota na kutuuzia.

Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa. Ganda moja lina mbegu nyingi. Shule ya msingi yenye mti mmoja uliokomaa inaweza kuotesha miche ya kugawia darasa zima, na watoto wakajifunza kwa macho yao namna mmea unavyoweka akiba, na kwa nini utomvu wake hauguswi. Kikundi cha akina mama chenye ua lenye jua na vyungu vichache kinaweza kuuza miche ambayo haikumwibia mtu wala nyika. Zahanati, ofisi na nyumba za ibada, ambazo bustani zake hufa kila Agosti, zinaweza kupambwa bila kugombania maji na wagonjwa au waumini.

Mwandishi ana mmea mwingine sasa, ulioota kwa mbegu aliyopewa na mama yule yule wa Same. Umekaa juu ya kichuguu cha mawe karibu na lango, na leo, vumbi likiwa limefunika kila kitu mtaani, una maua kumi na moja. Jana jioni binti wa nyumba alitoka na kopo la maji, akachomeka kidole udongoni, akatikisa kichwa. Maji yale akarudi nayo ndani, yakapikiwa chai.